Pikipiki ya Bwana Mifugo

Kwa wiki mbili nilikuwa na pikipiki mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Moja ilikuwa dukani Lindi mjini, siti yake ikiwa bado na nailoni, na mwenye duka alikuwa ameniahidi kwamba haiuzi mpaka mwisho wa mwezi. Nyingine nilikuwa naiendesha. Ilikuwa ya mkononi, mali ya marehemu, na mjane wake alinipa niijaribu kwanza ndipo niamue.

Mimi ni bibi shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima wa korosho na ufuta, kuanzia Kiranjeranje kuingia ndani ndani huko ambako lami haijafika. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka kwa bodaboda za kukodi, nikimsubiri dereva amalize chai, nikimsubiri amalize simu, nikimsubiri ampeleke kwanza mtu mwingine ambaye ni shemeji yake. Sina subira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshakasirika. Mwaka ulipoisha nikasema imetosha, nanunua chombo changu mwenyewe.

Lakini si shida ya usafiri peke yake iliyokuwa imenikaa rohoni. Nilikuwa nimetoka Njombe nikiwa na miaka arobaini na moja, baada ya ndoa yangu kuisha. Haikuisha kwa kelele. Mume wangu alianza kuchelewa kurudi nyumbani, kisha akaacha kabisa kurudi, na mimi nikaomba uhamisho wa mbali kadiri unavyoweza kupatikana. Nikapewa Kilwa. Nilipanga vyumba viwili Kiranjeranje, kando ya njia ya vumbi, nikatandika kitanda, nikaweka viti vinne ambavyo vitatu havikukaliwa na mtu.

Watu walinipokea kwa adabu. Waliniuliza habari za nyumbani, za kazi, za safari, na habari zilipoisha kila mmoja aliendelea na shughuli zake. Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja, peke yake na kuku wake. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, naye aliniitikia, "Marahaba, bibi shamba," kama anayesoma kibao cha ofisi. Mwezi wa Ramadhani aliniletea futari kwenye sahani iliyofunikwa. Nilikula peke yangu, nikaiosha sahani, nikairudisha tupu, na ilinichukua miezi kujua kwamba sahani ya watu hairudishwi tupu. Yeye hakunitamkia neno. Mgeni hakosolewi, na mimi nilikuwa mgeni. Nilikuwa mpweke, niseme wazi, na upweke wangu ulinikasirisha zaidi kuliko ulivyoniliza.

Basi nilikwenda Lindi kuangalia pikipiki mpya. Mwenye duka alinikalisha juu yake, akanigeuzia vioo, nikajiona upande huu na upande huu. Aliniambia pikipiki ya mkononi unainunua pamoja na maradhi ya mwenyewe. Hii, alisema, haijawahi kumjua mtu, wewe ndiye utakayeifundisha. Maneno ya muuzaji nayajua, lakini yalinipendeza. Ingekomba akiba yangu yote, ila ingekuwa yangu tangu mwanzo.

Wiki hiyo hiyo nikasikia ofisini kwamba mjane wa bwana mifugo anauza pikipiki ya mumewe. Huyo bwana sikuwahi kumwona. Mwaka niliofika mimi alikuwa ameshalazwa nyumbani kwake Masoko, na hakuinuka tena. Nilichojua ni kwamba alikuwa ametibu mifugo ya vijiji vile vile ninavyozunguka mimi, kwa miaka mingi, na hasa kuchanja kuku dhidi ya mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache.

Mjane alikuwa ametoka eda wiki hiyo. Aliniletea kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Pikipiki ilikuwa uani, imefunikwa kanga mbili, chuma cha Kijapani cha zamani, nyuma ina keria iliyochomelewa kwa ajili ya kubebea boksi la chanjo. Aliniambia miezi yote minne ya eda alikuwa akiiwasha kila Ijumaa asubuhi, dakika chache, geti likiwa limefungwa, ili isizoee kulala. Aliifunua, akaipiga teke moja, ikawaka. Ilikuwa na sauti nzito, na ilipopungua ilikohoa mara mbili.

"Kaa nayo wiki mbili," alisema. "Ikikukubali, njoo tuandikishane. Isipokukubali irudishe, mimi sitachukia."

Bei yake ingeniachia nusu ya akiba. Nikaondoka nayo, nikapita Nangurukuru, nikashika barabara ya kusini, na upepo ukinipiga kifuani nilijihisi mtu kwa mara ya kwanza tangu nifike mkoa ule.

Nilipoacha lami kuingia kijijini, mwanamke mmoja alitoka ndani mbio akifuta mikono kwenye kanga. Nyumba ya pili, mwanamume aliacha kukung'uta ufuta wake akaja hadi njiani. Nyumba ya tatu wakatoka watatu. Walikuwa wanatabasamu. Nikadhani mwaka mzima wa shikamoo sasa umenilipa. Niliinua mkono, nikapungia kulia na kushoto, mpuuzi mimi, nikiwa nimejaa furaha mpaka kooni.

Kisha mzee mmoja akasimama katikati ya njia, jogoo yuko kwapani. Nikapunguza mwendo. Pikipiki ikakohoa mara mbili. Aliniangalia usoni, halafu akaangalia nyuma yangu, kama kwamba kuna mtu mwingine amepanda. "Ah," akasema, "ni bibi shamba." Akanipisha, akamrudisha jogoo wake ndani.

Nilipofika kwangu, bibi wa ng'ambo alikuwa mlangoni. Alikuwa ametoka kabla sijazima. Aliitazama pikipiki, akanitazama, akaitikia shikamoo yangu, akaingia.

Ikawa hivyo kila siku. Sauti ikisikika, watu wanatoka. Wengine na kuku, wengine mikono mitupu, mmoja na kamba ya mbuzi. Kisha wananiona, na nyuso zinabadilika taratibu, kwa adabu ile ile. Walinisalimia vizuri. Wengine hata walianza kunisimulia: hapa alikuwa akinywa maji, pale alilala mvua ilipokata njia, yule mbuzi wa mama fulani alimzalisha yeye kwa mikono yake. Nilisikiliza, huku moyoni nikihesabu nyumba zilizobaki. Mtu mwingine angefurahi kusimamishwa na kusimuliwa. Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba marehemu, akiwa kaburini, alikuwa na wageni wengi kuliko mimi.

Aliyenichosha zaidi alikuwa bibi wa ng'ambo. Watu wa mbali wangeweza kusahau, lakini yeye aliiona pikipiki imeegeshwa mbele yake kila siku, na bado kila jioni nikirudi alikuwa ametoka. Anasimama. Anatazama. Anaingia.

Siku ya kumi na tatu nilirudi nimechoka, nimeunguzwa na jua, nikamkuta amesimama ameshika tetea, mbawa zimebanwa vizuri, tayari kwa matone ya chanjo. Nikazima pikipiki, nikashuka, na kitu kikanipanda kichwani.

"Bibi, amekufa," nilisema, tena kwa sauti. "Bwana mifugo amekufa. Mimi siyo yeye, na sina chanjo."

Hakushtuka. Alimweka kuku vizuri kwapani.

"Najua amekufa. Nilikwenda msibani kwake."

"Sasa huyo kuku wa nini?"

"Nimesikia pikipiki," alisema, "nikatoka tu."

Akageuka, akaingia ndani. Nilibaki njiani na funguo mkononi, na aibu iliyonipata nikaigeuza hasira haraka, maana hasira ndiyo ninayoijua. Nikajiambia siwezi kuishi nikiendesha mapenzi ya mtu mwingine. Nilitaka chombo ambacho watu wakitoka, wametoka kwa ajili yangu. Uamuzi ukawa umepatikana pale pale, na niliuona wa busara kabisa.

Asubuhi yake niliirudisha Masoko. Mjane aliniletea kiti kile kile. Akaniuliza kama imenisumbua. Ningeweza kumwambia ukweli, lakini ukweli ungeonyesha ubaya wangu, kwa hiyo nikaisingizia pikipiki. Nikasema gia zake ngumu.

Alisema gia zake hazijawahi kuwa ngumu, lakini alisema polepole, kama anayemwelewa mtu. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye tangi. Akiwa amenipa mgongo, akauliza:

"Wanatoka?"

"Akina nani?"

"Watu. Huko njiani. Yeye alikuwa akisema wanatoka."

Nikamwambia hapana.

Sijui hata leo kwa nini nilisema vile. Labda niliogopa akisikia ndiyo atauliza mbona basi naiacha. Alitikisa kichwa, akaendelea kufuta, kisha akaifunika kwa zile kanga mbili, ya chini kwanza, halafu ya juu, na akanitakia safari njema.

Nikanunua mpya. Niliitoa Lindi, nikaiendesha mpaka Kiranjeranje bila kubandua nailoni, na haikuwa na kasoro yoyote. Iliwaka kwa kubonyeza kidole. Sauti yake ilikuwa nyembamba, safi, sawa na ya bodaboda yoyote inayopita. Nikaingia kijijini nikipunguza mwendo penye kila nyumba, niseme kweli, nikisubiri. Hakutoka mtu. Mwanamume wa ufuta aliendelea na ufuta wake. Nilipofika kwangu mlango wa ng'ambo ulikuwa umefungwa, na nikapiga honi, eti kumjaribu. Kuku wakatawanyika.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Nilifika mashambani kwa wakati, nikarudi kwa wakati, nikaosha pikipiki, nikapika, nikala. Bibi aliniitikia shikamoo kama zamani. Kuku wake walipungua mmoja mmoja, na mimi nilimwona akiwafukia nyuma ya nyumba. Nilijua chanjo inapouzwa. Niliona haya kuanza kumsemesha habari hiyo, na kila siku niliyochelewa iliongeza haya. Nikiwa peke yangu nyuma ya usukani nilijiuliza nini hasa nilichokinunua, na jibu lilikuwa chuma na nailoni.

Alasiri moja ya kiangazi nilikuwa jikoni nachambua mboga, simu ikiimba kwenye kabati, sisikilizi. Nikaisikia. Ilikuwa mbali bado, upande wa barabara kuu, ile sauti nzito. Sikufikiri kitu. Nilifahamu tu kwamba nimeshafika mlangoni, majani ya mchicha yako mkononi, na maji yananichuruzika hadi kwenye kiwiko. Sauti ikakaribia, ikapungua penye kona, ikakohoa mara mbili.

Alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Kivinje. Boksi lake la samaki lilikuwa limefungwa kwenye ile keria ya chanjo. Hakunijua, hakusimama, akapita na vumbi lake.

Vumbi lilipotulia nikamwona bibi mlangoni kwake. Naye alikuwa ametoka. Mkononi alikuwa na yule tetea, wa mwisho aliyebaki. Aliangalia mchicha wangu, akaniangalia mimi.

"Na wewe umetoka, mwanangu?"

"Nimetoka, bibi."

Akacheka kidogo kwa pua. Nikavuka njia, nikamwomba radhi kwa yale maneno ya siku ile, naye akasema maneno gani, tuingie ndani kuna jua. Nikakaa kwake mpaka adhana ya magharibi. Nilimwambia kesho natafuta chanjo, hata kama ni ya kuku mmoja.

Kesho yake nilikwenda Masoko. Chanjo ilikuwepo, lakini sikuanzia dukani. Mjane alikuwa barazani kwenye mkeka, anachagua mchele kwenye ungo. Aliiona pikipiki yangu akasema ni nzuri, nimepata, Mungu anilinde nayo. Akataka kuinuka akaniletee kiti. Nikamwambia asiinuke.

"Nilikudanganya," nilisema. "Gia hazikuwa ngumu. Na wanatoka. Kila nyumba walikuwa wanatoka."

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele.

"Na kuku?"

"Na kuku. Na mbuzi mmoja."

Aliinamisha uso, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakatikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Kisha akafuta macho.

"Mpaka sasa?"

"Mpaka jana," nikamwambia. "Jana nimetoka na mimi."

Alisogea kidogo kwenye mkeka, nikavua viatu, nikakaa.