Helal kwa Kiingereza

Neno la kwanza lililonishinda lilihusu pua. Nilikuwa namtunza bibi mmoja Mturuki huko Schaerbeek, mtaa mmoja wa Brussels. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia na kuhakikisha amemeza vidonge vyake. Siku moja akaniomba nimwandikie mjukuu wake aliyekuwa London. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, kana kwamba mjukuu ndiye mimi, akasema, "Mwambie ananifuka puani." Waturuki husema hivyo wakiwa na hamu na mtu aliye mbali, kwamba anawafuka puani kama moshi. Nikakaa na simu mkononi nikitafuta Kiingereza cha jambo hilo. Kwa Kiingereza, moshi puani maana yake mkate umeungua. Mwishowe nikaandika kwamba bibi yake ana hamu naye sana, nikatuma, nikabaki na uchungu kama mtu aliyetumwa nyama akaleta mifupa.

Sikuwa mfasiri wala sikuwahi kutaka kuwa. Mimi ni mtu wa Bukavu niliyetolewa kwetu na vita. Kiingereza changu nilikiokota Kampala nikiwa mkimbizi, na Kituruki nilijifunza Istanbul kwenye karakana ya mashati, ambako nilishona kola miaka mitatu kabla ya kufika Brussels. Ofisi iliyoniajiri iliona Kituruki kwenye karatasi zangu, ikanipeleka kwa bibi huyo moja kwa moja. Nilimwita teyze, yaani mama mdogo, naye akaniita binti yangu, hata siku alizonikemea kwa sababu ya chumvi.

Mjukuu alikuwa mtoto wa mwanawe wa pekee. Mwana huyo alioa Mwingereza, akaugua, akafa binti yao akiwa bado mdogo, na mama mtu akamlea mtoto kwa lugha yake mwenyewe. Sasa binti alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, na yeye na bibi yake walikuwa wametafutana kwa simu baada ya miaka mingi. Walikuwa damu moja, lakini nje ya salamu hawakuwa na neno hata moja la kuzungumza. Vijana wa jirani walijua Kifaransa na Kiholanzi, na Kiingereza chao kilikuwa cha nyimbo. Tena teyze hakutaka mtaa mzima ujue mambo yake. Nikabaki mimi.

Basi kila alasiri, baada ya chai, teyze aliongea na mimi nikaandika. Alikuwa haongei kama watu wanaotaka kufasiriwa. Mjukuu alikuwa ini lake. Jicho lake lilikuwa limebaki njiani. Alitaka awe sadaka ya mjukuu, achinjwe yeye mtoto apone, na hapo mtoto alikuwa na mafua tu. Mengine Kiswahili kingeyapokea bila shida, maana subira yao ni subira yetu, habari yao ni habari yetu, na wakikutakia heri unaisikia hiyo heri waziwazi. Lakini Kiswahili hakuna aliyekiulizia. Kwa Kiingereza ini likawa mpenzi wangu, jicho la njiani likawa nakungoja, na sadaka nikaiacha kabisa kwa sababu ilitisha.

Binti hakuwa mjinga. Wakati mwingine teyze alimrekodia sauti yake, na maandishi yangu yakafuata nyuma. Siku moja akaniuliza mbona bibi anaongea muda mrefu hivyo, halafu maneno yangu hayafiki hata mstari mzima. Akauliza kama kuna kitu ninamficha. Nilikasirika sana. Sikumkasirikia yeye, nilikikasirikia Kiingereza, lugha niliyoisumbukia hivyo na bado inanipa mlango wa nyuma tu. Nikamjibu kwamba bibi yake anaongea kwa mapambo. Si kweli, teyze hakuwa na mapambo yoyote. Ndivyo alivyopenda watu.

Halafu moyo wake ukaanza kuchoka. Madaktari wakasema lazima apasuliwe, na kwa umri wake hawakumwahidi kitu. Teyze aliposikia hayo hakuuliza habari za kisu wala maumivu. Alisema anataka helal ya mjukuu wake.

Jambo hili nililijua kutoka karakana. Msichana akiacha kazi, alipita kwenye cherehani zote, moja baada ya nyingine, akimwomba kila mtu ahalalishe haki yake. Maana yake ni kwamba tumeishi pamoja, huenda nimekula chako, nimekusema vibaya au nimekuumiza bila kujua, basi haki yoyote uliyo nayo juu yangu uiachilie, nisiende nayo. Jibu ni moja tu, helal olsun, iwe halali. Hata wale waliogombana jana yake kwa ajili ya pasi walijibu hivyo. Nami Mkristo nilijibu hivyo, na niliposafiri niliomba na kujibiwa. Hakuna anayeuliza kosa ni lipi.

Nikamwandikia binti kwamba bibi yake anamwomba msamaha. Jibu likaja upesi kuliko siku zote. Msamaha wa nini?

Hapo nikajua nimeharibu. Nikafuta, nikaandika upya, kwamba si kosa fulani, ni desturi ya mtu anayekwenda kupasuliwa. Akaniomba niache kupamba, nimpe alichosema bibi neno kwa neno. Nikampa, kwamba bibi anamwomba afanye haki yake iwe halali. Akauliza, halali kama nyama? Huko kwao neno hilo alikuwa amelisoma kwenye vibao vya mabucha tu. Niliweka simu juu ya friji nikaenda kukuna karoti, kwa sababu karoti angalau zilinielewa.

Siku iliyofuata akanipigia mimi mwenyewe. Nilikuwa Porte de Namur, nimetoka kununua unga wa muhogo, na ilibidi niingie kwenye mlango wa duka ili nimsikie. Akasema anajua vizuri ni msamaha wa nini, mama yake alimsimulia. Bibi alikataa harusi ya wazazi wake. Yeye alipozaliwa, baba yake alimpakata akaja naye Brussels, akapanda ngazi, akagonga. Bibi alikuwa ndani na hakufungua. Baba akarudi London na mtoto mchanga.

"Sina chuki naye," akaniambia. "Lakini ataje. Asiponitajia kitu, namsamehe nini?"

Nikamwambia desturi ile haitaji kosa, na jibu lake kwa Kituruki ni moja tu, na jibu hilo halina Kiingereza. Akasema ataendelea kufikiri. Nilirudi na muhogo wangu nikiona kwamba ana haki kabisa.

Kisha nikamweleza teyze, na nikaona yeye naye ana haki. Hakukana habari ya mlango. Alitazama mikono yake, akasema, "Binti yangu, nikitaja moja, zile nisizozitaja zitabaki. Kwa hiyo mtu haombi moja. Anaomba zote." Nilitamani binti amsikie akisema hivyo. Nikajaribu kuliandika hilo kwa Kiingereza, na nilipolisoma tena lilikuwa kama maneno ya mwanasheria anayemkwepesha mteja wake. Sikulituma. Nilikuwa katikati ya watu wawili wanaotaka kitu kilekile, na kila nilipofungua mdomo niliwatenganisha zaidi. Sijawahi kujiona sina msaada kama wiki zile, hata Kampala.

Nyumbani kwetu Molenbeek mume wangu alichoka kuniona nimeshika tama mezani. Akasema, "Bon, mama, unajichokesha bure. Umufundishe tu ule mutoto ile maneno mbili. Aseme, bibi asikie, alors mambo inaisha."

"Aseme kitu yenye hajue maana yake? Sawa kasuku?"

"Na weye ulipokuwa mutoto ukisema amina, ulijua maana yake? Ulisema tu."

Niliondoa sahani kabla hajamaliza kula, naye akaniacha, maana ananijua. Nilitaka binti aelewe kwanza. Niliona ni aibu kumtia mtu mzima maneno mdomoni kama anayelishwa uji, na aibu zaidi kumdanganya teyze kwa sauti isiyojua inasema nini. Bado nilifikiri Kiingereza cha jambo hili kipo mahali fulani, na kwamba nikikesha nacho kidogo nitakipata.

Asubuhi ya kupasuliwa nilimkuta teyze hospitalini amevalishwa kanzu ya karatasi, nywele zake zimefichwa kwenye kofia, mdogo kuliko nilivyomzoea. Akauliza kama mtoto amejibu. Nikasema bado. Akauliza kwani nilimwandikia vipi. Nikashindwa kumficha, nikamwambia kwamba kwa Kiingereza siwezi, teyze, nimejaribu kila njia, na mtoto anataka utaje.

Alingoja muuguzi aingie na kutoka. Kisha akasema, "Andika. Nilisimama nyuma ya mlango. Nilikusikia ukilia. Nilisimama hapo mpaka mliposhuka ngazi."

Nikaandika. Kiingereza kilipokea yote, bila kupunguza kitu. Hapakuwa na pua wala ini wala sadaka, palikuwa na mlango na mtoto anayelia, na maneno hayo hata Kiingereza changu cha Kampala kilikuwa nayo. Nikatuma. Tukaitazama simu pamoja, kichwa chake karibu na changu, mpaka zile alama mbili zikageuka buluu.

"Amejibu?"

"Amesoma, teyze."

"Kusoma si helal," akasema, lakini kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto. Wakaja kumchukua. Nilitembea kando ya kitanda hadi pale wanapokuzuia, nikiwa na simu mkononi, nikiitazama zaidi kuliko nilivyomtazama yeye. Jibu halikuja. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, walisema, ila moyo haukukubali kuendelea, na teyze hakuamka tena. Nilipompigia binti kumpa habari, alisema neno moja tu, kwamba anakuja, na simu ikakatika.

Nilimpokea kwenye kituo cha treni. Nilimtambua kwa nyusi, zilikuwa nyusi za teyze kabisa. Garini nilimfunga kitambaa kichwani, nikajifunga na mimi, tukaenda msikitini ambako mwili ulikuwa unasaliwa kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa kijijini kwao Uturuki. Jeneza lilikuwa limewekwa uani juu ya meza ya jiwe, limefunikwa kitambaa cha kijani. Wanaume walipanga safu mbele, na sisi wanawake tulisimama kando, karibu na ukuta. Majirani walimtazama yule binti, wakazitazama nyusi zake, wakampisha.

Baada ya sala imamu aliwageukia watu akauliza kile ambacho huulizwa kwa kila marehemu wao, ikiwa wanamhalalishia haki zao. Wanaume wakajibu kwa sauti moja. Binti akanivuta mkono, akaniuliza wanaulizwa nini.

Wiki zote zile nilikuwa nimelitafutia swali hilo Kiingereza, na hata pale sikuwa nacho. Nikamwambia, "Kile bibi yako alichokuwa akikuomba."

Akageuka akaniangalia. Imamu akauliza tena, watu wakajibu tena.

"Mimi sikukataa," akasema. "Niliusoma ule ujumbe wa mlango nikiwa njiani kwenda kazini, nikalia mbele za watu. Lakini ulisema jibu ni moja tu. Niliogopa kumjibu vibaya, na yeye anaingia kupasuliwa. Nilikuwa nalitafuta."

Imamu akauliza mara ya tatu. Nikainama nikamwambia sikioni, helal olsun. Akayasema maneno hayo mawili kwa sauti, vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa nayo. Lakini wenzake walikuwa wameshajibu, na wanaume walikuwa wanainua jeneza.