Mandari ya Kutazama Pomboo

Shangazi yangu hakuwa mtu wa bahari. Kwake bahari ilikuwa maji ya chumvi na harufu, basi. Kwa hiyo aliponiambia kwamba Jumapili tunakwenda mandari Kigomasha, tupande majabalini tutazame pomboo, ilinipasa nishituke. Sikushituka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimefaulu mtihani, na sijapata kuona mjinga kama msichana aliyefaulu mtihani.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Unguja kusomea ualimu. Baba alisema, "Tutaona," na nyumbani sote tulijua maana yake: atamsikiliza dada yake. Basi nikaapa siku hiyo nitakuwa mtoto mwema hata shangazi mwenyewe akaniombee ruhusa.

Gari la kukodi lilitutoa Wete asubuhi. Ndani mlikuwa na wageni wawili kutoka Chake, bibi mmoja mnene na binti yake mtu mzima. Ilikuwa miaka ile ya siasa, watu hawauziani hata chumvi kwa ajili ya vyama, nami nikashangaa shangazi kapata wapi marafiki wapya. Alisema wanapenda sana wanyama. Wanyama! Msituni Ngezi tulisimama chini ya miti ya popo, wananing'inia kwa mamia na kugombana. Nikanyoosha mkono kuwaonyesha, nikaeleza wanakula nini na wanalala vipi, ualimu umeshanianza. Yule bibi akautazama mkono.

"Hina hii umejipaka mwenyewe, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. "Mashaallah," akasema, na popo hakuwatazama.

Juu ya majabali upepo ulikuwa mzuri, na bahari chini imetulia hata matumbawe yanaonekana. Wageni wakatandika mkeka, wakaipa bahari mgongo. Nikadhani wanaogopa kizunguzungu, nikawahurumia. Bibi akasema macho yake mabovu, hebu nimhesabie ngalawa zile za mbali. Nikamhesabia. Akataka kombe kutoka ufukweni. Nikashuka mbio kwa njia ya mawe, nikapanda mbio. "Wala hahemi," binti yake akasema. Nikamimina chai bila kumwaga tone, nikatoa vileja nilivyopika mwenyewe. Kila nilichoambiwa nilikifanya, tena kwa mbwembwe, na moyoni nilishapanda meli ya Unguja.

Kisha pomboo wakatokea kweli. Kundi zima, karibu na mwamba, wanaruka. Nikapiga kelele, "Wale! Wale pale!" Nikageuka nyuma. Wanawake wote watatu walikuwa wananitazama mimi, na bibi anamnong'oneza binti yake, "Na meno anayo."

Nikamvuta shangazi pembeni. "Hawa nani?"

"Wakwe zako, inshaallah. Kijana wao karani, mtu mzuri."

"Na Unguja?"

"Unguja ipo, haihami."

Nilikasirika. Nikaamua kuwaharibia. Nikarudi mkekani, nikala pweza kwa mikono miwili, nikacheka mdomo wazi, nikasimama ukingoni buibui linapepea, nikaimba kwa sauti yangu mbaya. Nikamwambia bibi kwamba kupika sipendi. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

"Huyu ndiye," akasema. "Nyumba yetu imejaa walionuna. Atatuchangamsha."

Posa ikaja kabla ya wiki kwisha. Baba hakunilazimisha, hilo nataka lijulikane. Aliniita, akanikalisha mbele ya mama na shangazi, akaniuliza kama nina neno. Kama sitaki, nitakwenda zangu Unguja. Wallahi ndivyo alivyosema. Na maneno nilikuwa nayo, niliyapanga tangu garini tukirudi, moja baada ya jingine. Lakini aliniuliza kwa upole mno, na watu wazima watatu wananitazama. Kwetu binti akiulizwa akanyamaza, amekubali. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Mimi niliyepiga makelele juu ya jabali mpaka ndege wakaruka, nikainamisha kichwa, nikahesabu ukindu wa mkeka.

Baba alingoja. Alingoja sana, maskini. Kisha akasema, "Alhamdulillahi," akavaa makubadhi yake, akaenda msikitini.