Nilivyomwandikia mke wangu kwamba kuku wake wote wamenyonyolewa

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Bakoba, Bukoba mjini. Chumvi sijaongeza. Ningekuwa naongeza, ningejiweka kwenye hali nzuri zaidi.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Hili litawasaidia kucheka huko mbele.

Mke wangu, mama Jovin, anafuga kuku wa kienyeji kumi na wawili nyuma ya nyumba. Mbegu alipewa na mama yake, anayeishi Buganguzi kule Muleba. Mwaka huu kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimepita kwa mama mkwe, kikafagia banda lote. Ikabidi mbegu irudi kwao. Mama Jovin akamwahidi mama yake mitetea wawili, mmoja wao yule wa kijivu, mtagaji asiyejua kupumzika.

Kabla hawajapelekwa, mama mkwe akaumia mguu. Mama Jovin akaenda kumuuguza, akaniachia kuku. Maelekezo yalikuwa mafupi: maji, chakula, funga banda.

Siku ya nne kuku wakaanza kumwaga manyoya. Mayai yakakata. Wa kijivu ndiye aliyeongoza: shingo wazi, mgongo wazi, mkia hakuna.

Mtu wa kawaida angempigia mke wake simu. Mimi nina degree, nikaingia Google.

Nikasoma kuhusu utitiri, minyoo, na ugonjwa mmoja wa Marekani ya Kusini. Nikachanganya majivu na mafuta ya kujipaka, nikawa nawapaka asubuhi na jioni, nawageuza mmoja mmoja. Walikuwa wanalia. Nikajua dawa inafanya kazi.

Dagaa nikawakatia, nikawapa pumba tupu. Sikuona sababu ya kumpa dagaa mtu aliye likizo.

Kisha wa kijivu akaanza kutoka damu kidogo kwenye bawa. Jirani yangu seremala, ambaye hajawahi kufuga hata paka, akanishauri nimchinje huyo aliyezidiwa ili niokoe wengine.

Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili. Nilikuwa nimekula maharage siku tisa mfululizo. Tukamla na jirani, kwa ndizi. Kwa mgonjwa, alikuwa mtamu sana.

Waliobaki nikawafungia stoo, karantini. Manyoya yote nikayakusanya kwenye kiroba jikoni, ili nimwonyeshe bwana mifugo.

Ndipo nikaona ni vizuri kumtaarifu mwenye kuku. Nilikusudia kuandika "wamenyonyoka". Nikatuma hivi: "Usishtuke. Kuku wote wamenyonyolewa. Nitakueleza ukirudi." Nikaacha simu kwenye chaji, nikakaa kusahihisha mitihani ya form two. Mada ilikuwa kauli za vitenzi.

Kwa walioikimbia shule: kuku aliyenyonyoka, manyoya yamemtoka yenyewe. Aliyenyonyolewa yuko kwenye beseni la maji ya moto.

Kesho yake saa nne asubuhi mama Jovin akaingia getini. Nyuma yake mama mkwe, na mguu wake, na fimbo.

Kwetu Wahaya mama mkwe haji kwa mkwewe hivi hivi. Anaalikwa, anaandaliwa. Ukiona amejileta, ujue ajenda ni wewe.

Wakaenda bandani, tupu. Wakaingia jikoni, wakakuta kiroba.

Mama mkwe aliinama, akatia mkono ndani, akatoa unyoya wa kijivu.

"Waitu baba Jovin, umewala wote?"

Nikakimbia kufungua stoo. Wakatoka mmoja mmoja, vifua wazi, wanang'aa mafuta na majivu. Mama mkwe akawatazama.

"Hawa hawaumwi," akasema. "Wanabadilisha manyoya. Kila mwaka wanabadilisha."

Mama Jovin alikuwa anahesabu. "Kumi na mmoja. Wa kijivu yuko wapi?"

Nimewahi kukutwa na mkaguzi darasani nikiwa sina andalio la somo. Hata hiyo haikufikia hii. Nikasema ukweli, hadi habari ya ndizi.

Mama mkwe hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mwanangu, kuku anayetaga sana ndiye hunyonyoka vibaya kuliko wote. Nguvu zake zimeishia kwenye mayai. Huyo ndiye niliyekuwa namsubiri." Akakaa kwenye stuli na unyoya wake mkononi. Niliona aibu, wakuu, tena aibu ya kweli.

Nilichojifunza ni hiki. Kuku akinyonyoka ongeza dagaa, usipunguze, maana manyoya yanajengwa kwa protini. Usimshikeshike, manyoya machanga yana damu ndani na yanauma, kumbe ndiyo maana walikuwa wanalia. Mpe maji safi na mahali pakavu, atulie, mayai yatarudi. Ukihisi ni ugonjwa, muulize bwana mifugo kabla hujauliza sufuria. Na message ya kuku isome mara mbili, hasa kama mshahara wako unatokana na vitenzi.

Mama mkwe amechagua mitetea wengine wawili. Ila amesema hawezi kupanda gari na kuku walio uchi, Buganguzi nzima itamwonaje. Atasubiri hapa hapa hadi waote manyoya. Dagaa wote wa nyumba hii sasa wanakwenda bandani, na sebuleni kwangu naingia kwa kupiga hodi.

Leo ni wiki ya tatu. Wafugaji mliomo humu, naombeni jibu la kweli: mkia huchukua muda gani kuota? Maana kuku asiye na mkia, mama mkwe amesema haondoki naye. Kila asubuhi ananiita twende tukaangalie, na mimi, wakuu, naangalia kuliko hata yeye.