Milimita Kumi na Mbili

Watu wa ofisini walimwita Milimita, na jina hilo lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi wa kituo cha kupimia ardhi: nguzo fupi ya zege nyuma ya ofisi, na juu yake antena ya kupokea mawimbi ya setilaiti. Kwa miaka kumi na minane alihakikisha urefu wa nguzo ile unajulikana bila kukosea hata unene wa ukucha. Nyumbani alipanga viatu vya watoto kwa rula, mkewe akamcheka mpaka akachoka.

Asubuhi hiyo alipanda ngazi kufuta vumbi, akaona kipande cha chuma chini ya antena.  Alikiweka mwenyewe miezi mitano iliyopita, juu ya kitako cha zamani kilichoanza kuliwa na kutu. Sheria ya kituo ni moja: ukigusa antena, andika daftarini siku hiyohiyo. Lakini siku ile alipigiwa simu kwamba mwanawe ana homa, akatoka mbio, na mstari wa siku hiyo ukabaki mtupu.

Akakipima kile chuma. Milimita kumi na mbili.

Ndizo zilezile zilizomtia wazimu baba mkwe wake! Mzee, mwalimu mstaafu wa jiografia, alishikilia miaka thelathini kwamba dunia inavimba kama unga uliotiwa hamira: mabara yalikuwa yameshikana, dunia ikafutuka, yakaachana. Milimita alimweleza mara ngapi kwamba sakafu ya bahari ikizaliwa huku, kule inazama, mzee hakuambilika. Wiki iliyopita akaomba urefu wa nguzo, wa mwezi huu na wa mwezi kama huu mwaka jana, na Milimita, kwa ujinga wake, akampa; wa mwaka huu ulizidi kwa milimita kumi na mbili. Na saa nne asubuhi hii mzee alikuwa akihutubia shule yake ya zamani kwa namba hizo.

Milimita alifika ukumbini jasho likimtiririka. Namba zilikuwa tayari ubaoni.

"Mkwe wangu huyo!" mzee akasema kwa furaha. "Njoo, waambie mwenyewe!"

 Angeweza kunyamaza, nani angejua? Mkuu wa kituo akipata habari, kazi hana. Na mzee alikuwa amevaa suti aliyoivaa siku ya kumwoza binti yake.

"Baba, nisamehe," akasema. "Dunia haijapanda. Ni mimi nilitia chuma chini ya antena, nikasahau kuandika."

"Unene wake?"

"Milimita kumi na mbili."

 Mzee akaokota chaki, akatoa kumi na mbili polepole, kama anafundisha darasa la pili. Akaandika sifuri, akaitazama.

"Na vituo vingine, huko duniani?"

"Vimejumlishwa vyote, Baba. Dunia haikui. Kama ipo tofauti, labda unene wa unywele kwa mwaka, na hata huo hauna uhakika."

Mzee alifuta ubao wote, akaiacha ile sifuri. Kisha akamshika mkwe wake mkono. Kiganja kilikuwa kimejaa chaki.

"Mkuu wako anajua?"

"Bado."

"Basi twende wote. Mimi nimekubali kosa la miaka thelathini mbele ya watoto hawa. Wewe lako la miezi mitano litakushinda?"