Mlango wa Mama Mkubwa

Jumanne ya kwanza baada ya Idi Kubwa tulimpoteza jirani yetu wa Kaloleni, yule ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Mama Mkubwa, ingawa hakuwa dada wa mama wa mtu yeyote pale. Alikuwa kitandani tangu mvua za masika, nyonga imevunjika, na asubuhi hiyo hakuamka. Mwanawe, fundi cherehani, alinipigia simu nikiwa shambani Kikwe nikimwagilia maharage. Nilifunga maji ya mfereji, nikanawa miguu, nikaondoka.

Niliposhuka stendi nilitembea kwa miguu mpaka mtaani. Ningependa kukuambia kwamba njiani nilimuwaza marehemu, lakini ukweli ni kwamba niliwaza miguu yangu tu. Magari yameegeshwa kando ya barabara yote, moja nyuma ya jingine, mengine tairi zimepanda mpaka ukingoni mwa baraza za watu. Mtembea kwa miguu amebakiziwa lami, agawane na pikipiki. Ukipigiwa honi unataka kuruka pembeni, na pembeni hakuna.

Kama uliwahi kuishi Kaloleni ya zamani, utakumbuka kwamba mbele ya nyumba zetu palikuwa na kipande cha udongo, upana wake kama kitanda na nusu. Tulikiita njia ya mbele. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikifagia kila alfajiri kutoka mlango wetu hadi mlango wa Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa akapokea kutoka hapo hadi kwa jirani wa tatu. Kulipokucha ungekuta michirizi ya fagio imenyooka mtaa mzima, na wa kwanza kuikanyaga ni mtu anayetoka msikitini. Mwezi wa saba, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu mpaka chini, tulikaa barazani tumekumbatia vikombe vya chai ya tangawizi kwa mikono miwili, tukisubiri vitumbua. Vya Mama Mkubwa vilinukia iliki na vilikuwa na ukingo ulioungua kidogo. Tuligombea ule ukingo.

Magari yalijaa siku ya mechi tu. Uwanja ulikuwa karibu, na kelele za goli tulizisikia kabla redio haijasema. Siku hizo Mama Mkubwa alitoa kinu chake cha kutwangia, akakilaza mbele ya mlango. "Mlango wa mtu ni uso wake," alisema. "Utaegeshaje gari usoni kwa mtu?" Sikuwahi kuona dereva akikisogeza kile kinu.

Lakini nataka nikusimulie alivyotuvusha barabara. Chuo chetu cha Kurani kilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, na yeye ndiye aliyetupeleka baada ya kuuza vitumbua vyake. Alitupanga mstari ukingoni, akatufundisha kuliamkia gari. Gari ni mkubwa wako, alituambia, na mkubwa huamkiwa. Kwa hiyo kila gari lilipokuja tulipaza sauti pamoja, "Shikamoo!" Dereva akiitikia marahaba, au akiinua mkono, au akicheka, tulivuka. Asipoitika, tulibaki pale pale. "Aliyeitika amekuona," alisema. "Asiyeitika mwacheni apite, ana haraka zake."

Bibi yangu aliona aibu. "Unawafundisha watoto kuamkia mabati!" alimwambia siku moja mbele ya watu.

"Mabati yana mtu ndani, dada," Mama Mkubwa akamjibu. "Namwamsha."

Kuna siku lori la ndizi lilisimama katikati ya barabara, dereva akazima injini kabisa, akaanza kutuuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja. Magari ya nyuma yalipiga honi, yeye akaendelea kuuliza. Tulivuka mbele ya lori lile polepole kama watu wa harusini.

Sijui desturi ile ilikufa lini. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikaenda kulima, bibi yangu akafariki. Nyumba kadhaa ziligeuzwa maduka, na maduka yana wateja, na wateja wana magari. Njia ya mbele haikuchukuliwa siku moja. Leo gari moja, kesho mawili, na watu wa Kaloleni tunaona haya kumwambia mgeni aondoke mlangoni petu. Mama Mkubwa naye akazeeka, kinu kikawa kizito kwake.

Masika hii alikuwa anakwenda msibani, nyumba ya tano kutoka kwake. Njia ya mbele ilijaa magari, akashuka barabarani. Pikipiki ikamkwangua, akaanguka. Sitasema kijana aliyeiendesha alikuwa mtu mbaya, maana ndiye aliyempeleka hospitali, akakaa naye mpaka jioni, na alirudi mara nyingi kumjulia hali. Mama Mkubwa hakumlaumu. Alisema tu kwamba vijana siku hizi wanaficha macho kwenye kofia ngumu na vioo vyeusi, na mtu hajui amwamkie nani.

Basi Jumanne hiyo nilikuta turubai limeshafungwa, wanawake wako ndani wanamwosha. Swala ya jeneza ilikuwa baada ya Adhuhuri. Wanaume wawili walikwenda msikitini kuchukua jeneza, wakaliingiza ndani. Hapo ndipo tulipokosea, sote, watu wazima na ndevu zetu. Mlangoni palikuwa na gari dogo jeupe limebanana na baraza, na upenyo uliobaki ni wa mtu mmoja kupita kiubavu. Jeneza likiwa tupu walililaza ubavu, likapita. Hakuna aliyefikiria kwamba maiti halazwi ubavu namna ile kama ubao.

Tulilikumbuka hilo tulipokwisha kumwinua. Wa mbele walifika kizingitini wakasimama, wa nyuma wakawagonga.

"Tumpitishe uani," akasema mzee muuza kahawa, jirani wa siku nyingi.

"Uani?" Fundi cherehani aligeuka, jeneza likiwa begani mwake. "Uani hupita maji ya kufulia na takataka, mzee wangu. Mama yangu atatoka kwa mlango wake."

"Adhana hiyo, mwanangu."

"Basi tutachelewa naye."

Akaja kijana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, anayetoza ushuru wa maegesho. Alitaka kusaidia, nadhani. "Shikamooni wazee. Mwenye hii gari ameilipia maegesho mpaka saa tisa."

"Marahaba," akasema muuza kahawa. "Na marehemu akalipie wapi, baba?"

Watu walicheka. Hata fundi cherehani alicheka, machozi yakimtoka. Kijana aliinamisha kichwa, akavua kizibao, akakitundika kwenye kigingi cha turubai, akaingiza mikono chini ya gari. Sisi tusiobeba jeneza tukamfuata. Tulikuwa wengi, lakini gari ni gari. Tulisema bismillahi tukaliinua upande wa nyuma, tukasogeza, tukapumua, tukaenda upande wa mbele. King'ora chake kikaanza kulia, na hakuna aliyejua kukinyamazisha. Tulilitoa mpaka katikati ya barabara, maana kwingine kulikuwa kumejaa.

Mama Mkubwa akatoka kwa mlango wake, king'ora kinalia, sisi tunasema la ilaha illa Allah kwa sauti ya kukishinda. Madereva wengine walizima injini. Wengine walipiga honi. Tulimpokezana mabegani kwa mwendo wa haraka, tukafika watu wanatoa salamu ya mwisho ya Adhuhuri. Akaswaliwa, akazikwa.

Tuliporudi, mwenye gari alikuwa amesimama kando ya gari lake, mtu wa makamo, shati la ofisini. "Nani amelitoa gari langu?"

"Sisi," akasema fundi cherehani. "Tulikuwa tunamtoa mama."

Yule bwana aliliona turubai, ni kama hakuliona kabla. Akatupa pole, mkono kwa mkono, mpaka wa mwisho. Kisha akatazama mtaa, huku na huku, akauliza bila kiburi, kama mtu aliyechoka: "Sasa mimi nikaliweke wapi, wazee? Kazini kwetu hakuna nafasi. Niambieni, nitaliweka hapo."

Muuza kahawa, ambaye ana jibu la kila kitu, alimmiminia kikombe. Yule bwana akanywa amesimama, akashukuru, akaingia ndani ya gari. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na honi zinalia. Akarudi taratibu mpaka mbele ya mlango wa Mama Mkubwa, akashuka, akapima kwa macho, akapanda tena, akasogea kidogo. Ikabaki nafasi ya mtu mmoja kupita bila kugeuka ubavu. Fundi cherehani akapita hapo, akaingia ndani kwao.