Kifuniko cha Chupa ya Chai

Kiplangat alikuwa mwoga, na woga ndio uliomlisha. Miaka kumi na saba alizunguka vijiji vya Bomet na mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi kuliko barafu, akipandisha ng'ombe wa watu kwa mbegu za madume ambao hakuna aliyepata kuwaona. Kila asubuhi alichovya kijiti mtungini kupima baridi iliyosalia. Wenzake wakimcheka, aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko. Mbegu ikipata joto kidogo tu imekufa, na ukiitoa uitazame, umeiua wewe mwenyewe.

Jumamosi moja ya mwaka 1999 bintiye Chepchumba, mwalimu wa fizikia Siongiroi, alikuja na chupa ya chai ndani ya kikapu, kuomba naitrojeni. Alikuwa na kidonge cheusi cha kuwaonyesha wanafunzi: kikipozwa sana, umeme huzunguka ndani yake bila kuchoka, na sumaku huelea juu yake.

"Baba, mwaka huu Japani wametengeneza kasaketi kadogo ka umeme, ka aluminiamu, wakakapoza kushinda hii yako mbali sana. Kanakuwa ndiyo na hapana, zote pamoja. Siku moja kompyuta zitafanya hesabu na hizo ndiyo-na-hapana. Lakini joto kidogo, ama ukikaangalia, kanachagua moja."

"Kumbe ni kama mbegu yangu," Kiplangat akacheka. Akammiminia, akaziba mdomo wa chupa kwa kitambaa. "Usifunge. Hii kitu inachemka hata kwa baridi. Ikikosa pa kupumulia, inalipuka."

Chepchumba alipokwisha kuondoka, mamake, Rodah, alirudi kutoka langoni ameridhika.

"Huyo mtoto wako! Chupa wazi kwa kikapu! Nimemfungia kabisa akivaa viatu, chai isipoe."

Mama gani wa huku angemwacha mwanawe atoke na chupa wazi? Kiplangat akatoka guu niponye.

Chepchumba alikuwa ameketi stejini akingoja matatu, kikapu mapajani, kidevu juu ya kikapu. Kiplangat aliogopa kumwita asije akakitikisa, akaogopa kunyamaza. Akakinyakua, akakitupa katikati ya shamba la majani chai, akamwangusha binti yake chini na kumlalia.

Chupa ikatua bila kulipuka.

"Baba, nini—"

Mlio ukapasua kilima. Vigae vya chupa vikakata majani juu ya vichwa vyao. Kiplangat alilia mbele za watu, na hakuona aibu.

Tangu siku hiyo Rodah hagusi kifuniko. Kwa Kiplangat chai hunywewa imepoa, na hakuna anayelalamika.