Breki Hazikumshinda

Habari ya kifo cha fundi wa gari la mbao niliipata Ijumaa, nilipokuwa natoka msikitini, kwa mdomo wa muuza kahawa wa karibu na stesheni yetu ya Morogoro. Aliisema huku akinimiminia kikombe, kwa sauti ileile anayotajia bei ya mtama. "Yule wa gari amekwenda. Mguu umemmaliza." Nikamuuliza maziko ni lini. Akasema yalikwisha jana alasiri, mlimani kwa dada yake, na waliohudhuria hawakujaza hata kivuli cha nyumba. Nikalipa, nikaondoka bila kumaliza kahawa. Kesho yake nikapanda kwenda kutoa pole.

Wasomaji walioletwa mjini na reli huenda hawakumjua. Alikuwa seremala, Mluguru, rika langu, mtu wa maneno machache. Gari lenyewe lilikuwa limeagizwa Ulaya na mzungu mmoja mwenye shamba, likaja vipandevipande ndani ya masanduku. Mwenyewe akashikwa na homa, akarudi kwao kabla ya kuyafungua, na masanduku yakanadiwa bomani. Fundi akayachukua akayapeleka uani kwake. Akakuta magurudumu manne na vyuma vya breki za nyuma. Breki za mbele hazikuwemo, na mti wa kufungia ng'ombe haukuwa na kazi, kwa kuwa huku kwetu mbung'o hawaachi ng'ombe wa kukokota. Vilivyokosekana akavichonga mwenyewe, pamoja na usukani wa kugeuzia magurudumu ya mbele. Nia yake ilikuwa moja, na kila mtu kilimani kwao aliijua: ulanga, yale madini ya matabaka yanayong'aa, unaochimbwa huko juu huteremshwa kwa vichwa vya watu, na watu hao hukusanywa kwa amri ya akida wakati mashamba yao yanataka palizi. Alikwenda kwa akida akaomba gari libebe badala ya vichwa. Akida akamwambia, "Teremsha salama mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, nami nitaacha kuita watu wa kilima chako. Likianguka mara moja tu, usirudi hapa."

Kazi iliyomsumbua haikuwa kulipandisha, kwa sababu likiwa tupu watu wachache walilivuta kwa kamba. Iliyomsumbua ni kuliteremsha. Alikuwa na mpini mmoja uliovuta breki za mbele na za nyuma kwa pamoja, na katikati yake ubao wenye matundu na pini ya chuma. Ukihamisha pini kwenda tundu jingine, upande mmoja unavutwa kwa nguvu zaidi na mwingine kwa nguvu kidogo. Nilikwenda kumsaidia siku za majaribio. Alipaka chokaa mstari mmoja kwenye kila gurudumu, akamwaga majivu njiani, akaniweka kando ya njia nitazame mstari upi unasimama kwanza, kisha tunasoma alama kwenye majivu. Nyuma zikikaza mno, mkia wa gari uliyumba kama unataka kutangulia. Mbele zikikaza mno, magurudumu yaliburuta yakiwa yameganda, na hapo hata ukiligeuza, gari huenda moja kwa moja. Wapagazi waliokuwa wakipita walimcheka. "Fundi, breki mbele, breki nyuma! Wewe hata kanzu huvai mbili?" Naye, bila kuinua kichwa, "Nyinyi mna breki gani?" Mmoja akajibu, "Magoti, ndugu yangu," wakacheka wote, naye akacheka nao. Mwishowe akapata tundu lililofaa. Mizigo ya ulanga ilifungwa mbele, karibu na kiti chake, na breki za mbele zilishika zaidi kidogo kuliko za nyuma, kwa kuwa mteremkoni uzito wote huegemea mbele. Aliniambia, "Tundu hili ni la mzigo huu. Mzigo ukibadilika, tundu linabadilika." Halikuwa jambo la siri. Alilisema mbele ya yeyote aliyesimama kutazama.

Gari likateremka salama siku nyingi, na mwezi wa Shaabani ukawa umekwenda nusu. Siku ya ajali mimi nilikuwa natembea nyuma yake, nikitoka kumtazama mgonjwa huko juu. Kabla ya kona kali ya kijitoni tukawakuta wazee wanaopeleka ndizi na maharage sokoni. Akasimamisha gari, akawaamkia. "Shikamooni." "Marahaba, mwanangu," akajibu mmoja, mkubwa wao, na kapu lake tayari limo nyuma ya gari. Wengine nao wakapakia ya kwao. Fundi akasema kwa upole, "Mzee, nyuma pakizidi uzito, mbele patakuwa pepesi, hapatashika njia. Nipeni nafasi nihamishe pini, kisha nilipime kwanza pale tambarare."

"Tusimame juani tukikutazama unachezea vijiti?"

"Ni kitambo kidogo tu, mzee."

"Marehemu baba yako alinibebea mzigo wangu mpaka mjini, wala hakuniambia habari ya pini."

Fundi akatazama chini. Kwetu, mtu akishatajiwa baba yake aliyekufa hufanya alivyoambiwa. Akapanda kitini bila kuigusa pini. Kufika kwenye kona akavuta mpini, na niliona kwa macho yangu mistari ya chokaa ya mbele ikisimama palepale huku gari likiendelea. Aligeuza kwa nguvu zake zote. Gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja hadi ukingoni, likambinukia.

Akida alishika neno lake: wiki ileile watu wa kilima wakaitwa, na mpaka leo wanaitwa. Fundi akalala na mguu uliosagika masika yote. Nilimsikia akiulizwa mara nyingi kilichotokea, naye akijibu, "Niliteleza." Kusema kweli kungekuwa kumtaja mzee.

Huko msibani niliuona ule ubao umeegemezwa ukutani, pini ikiwa bado katika tundu la mzigo wa mbele. Mzee yuleyule alikuwa amekaa mkekani, akiwaambia waliokuja kwamba marehemu alikuwa kijana mwema, ila breki zilimshinda. Watu wakaitikia. Nilipoaga akanifuata hadi njiani na kapu lake la ndizi. "Mwanangu, unashuka mjini. Nichukulie hili."

Nilikuwa mikono mitupu. Nikamwambia, "Hapana, mzee."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Watu wa mjini mmeharibika."

Huenda tumeharibika. Lakini breki zile hazikumshinda marehemu. Tulizishinda sisi, kwa kumlea mtu ajue kupima uzito wa kila kitu kisha tukamnyima ruhusa ya kumwambia mkubwa wake kwamba uzito umetosha. Neno nililolisema mimi kwa ajili ya kapu la ndizi lingesemwa siku ile kabla ya kona, na likapokewa, watu wa kilima kile wangekuwa mashambani mwao leo wakipalilia maharage. Jana niliwaona wakipita stesheni, mizigo ya ulanga vichwani. Mwana wa mzee yule alikuwa miongoni mwao.